Kadi ya Michoro kama Hati ya Historia

Desemba iliyopita nilikuwa na shilingi 400,000 za Uganda na swali moja: ninunue kadi gani ya michoro? Kati ya fedha hizo, 250,000 nilizipata kwa kuwafundisha Kiswahili watoto wa majirani, kazi ambayo imepata wateja zaidi tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Zilizobaki, 150,000, zilikuwa za mdogo wangu wa kidato cha tatu, ambaye aliuza kuku wake wanne aliowafuga mwenyewe. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kukosea.

Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 9020, ile ya umbo la mnara, iliyofika Kampala ikiwa mtumba baada ya kutumika ofisini ng'ambo. Ndani yake mna kichakataji cha Core i5-4590 cha mwaka 2014. Haikuwa na kadi ya michoro. Picha zote zilitengenezwa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya kichakataji hicho. Kwa kuandika insha inatosha kabisa. Kwa mchezo wa mpira wa miguu, wachezaji walikimbia kama watu wanaokanyaga tope.

Rafiki zangu walinishauri niende dukani nikamsikilize muuzaji. Mimi ninasoma Kiswahili na Historia, nikaona njia nyingine: kuiuliza kila kadi ilizaliwa lini, ilifanya kazi gani kabla ya kunifikia, na kwa nini bei yake leo ni hiyo. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba bei ya kadi iliyotumika haielezwi na nguvu yake pekee, bali pia na historia yake. Tena mwenye fedha kidogo ndiye anayeihitaji historia hiyo zaidi, kwa maana mwenye fedha nyingi akikosea hununua nyingine.

Tuanze mwanzo. Picha ya mchezo wa pande tatu hujengwa kwa pembetatu nyingi. Kila pembetatu huwekwa mahali pake, ikapakwa rangi na kivuli, na kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kila sekunde. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kompyuta za kawaida za nyumbani, mzigo huo ulibebwa na kichakataji kikuu. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya California, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilileta chipu ya Voodoo. Kadi zake zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4 na zilifanya kazi ya pande tatu tu, hivyo mnunuzi alilazimika kubaki na kadi yake ya zamani kwa kazi za kawaida na kuziunganisha mbili hizo kwa waya. Mchezo wa Quake wa kampuni ya id Software, uliotoka mwaka huohuo, ulipotengenezewa toleo la kutumia kadi kama hizo mwaka 1997, watu waliona tofauti kwa macho yao.

Ushindi wa 3dfx haukudumu. Mwaka 1998 iliamua kuinunua kampuni ya STB ili itengeneze kadi zake yenyewe, na kwa hatua hiyo ikawageuza wateja wake, yaani kampuni zilizokuwa zikitumia chipu zake, kuwa washindani. NVIDIA, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, ilitoa GeForce 256 mwaka 1999. Kadi hiyo ilichukua pia hesabu za kuzungusha maumbo na kuyamulika, ambazo awali ziliachiwa kichakataji kikuu. Desemba 2000 3dfx ilikubali kuiuzia NVIDIA mali zake, na mwaka 2002 ikafilisika. Upande wa pili, ATI ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1985, ilinunuliwa na AMD mwaka 2006. Hii ndiyo sababu mimi, karibu miaka 30 baada ya Voodoo, nilipoingia dukani nilikuta kwa kweli majina mawili tu ya kuchagua. Intel ilirudi sokoni mwaka 2022 na kadi zake za Arc, lakini zinategemea uwezo fulani wa ubao mama ambao kompyuta ya umri wa yangu haina.

Sura ya pili ya historia hii ndiyo iliyogusa mfuko wangu moja kwa moja. Kadi ya michoro hufanya hesabu ndogo nyingi kwa wakati mmoja, na watu waligundua kwamba hesabu hizo si lazima ziwe za picha. Mwaka 2007 NVIDIA ilitoa CUDA, mfumo wa kuwawezesha waandishi wa programu kuitumia kadi kwa kazi nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walitumia kadi mbili za GTX 580, kadi za michezo, kuifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha, na matokeo yao yakafungua mlango wa akili mnemba ya leo. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum nayo ilipoanza Julai 2015, kadi zilezile zikawa majembe ya wachimbaji wa sarafu. Mara mbili, mwaka 2017 hadi 2018 na tena mwaka 2020 hadi 2022, wachezaji walizikosa kadi madukani au walizikuta kwa bei isiyoshikika. Kisha tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake na kuacha kabisa uchimbaji wa namna hiyo. Kadi zilizokuwa zikizunguka feni usiku na mchana zikamwagika katika soko la mitumba.

Moja ya kadi hizo ilikuwa mbele yangu: RX 580 ya AMD, ya mwaka 2017, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, kwa shilingi 370,000. Mdogo wangu aliitaka hiyo. "Kaka, nane ni zaidi ya nne," aliniambia, na kwa hesabu hakukosea. Kwa nguvu ya kuchora, ilizishinda kadi nyingine zote zilizokuwa ndani ya uwezo wetu. Lakini bei hiyo nzuri ilikuwa na maelezo yake. Kadi za aina hiyo zilipendwa sana na wachimbaji. Huenda hii ilifanya kazi miaka mingi bila kupumzika, na baadhi zilibadilishwa mipangilio ya ndani ili zichimbe vizuri zaidi.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa umeme. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati zisizozidi 75. RX 580 imepangiwa wati 185, na zinazozidi lazima zije kwa waya wa pekee kutoka kwenye pawa saplai. Pawa saplai ya kompyuta yetu ni ya wati 290 na haina waya huo, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya karani, si kwa ajili ya mchezaji. Kununua pawa saplai nyingine pamoja na kigeuzi cha kuiunganisha na ubao wa Dell kungetuvusha mpaka wa fedha zetu. Kwa hiyo historia ya kompyuta yenyewe, kompyuta ya ofisi, ilikuwa imeshaamua nusu ya jambo: tutafute kadi ya wati 75 au chini yake.

Zilibaki tatu. Ya kwanza ni RX 6400 ya mwaka 2022, ambayo hula wati 53 tu. Ingawa ni changa kuliko zote, hupitisha data kwa njia 4 badala ya 16, na ilipangwa kufanya kazi kwenye kizazi cha nne cha tundu hilo. Ubao wetu ni wa kizazi cha tatu, ambacho kila njia yake ina nusu ya kasi. Kadi ingebanwa kama maji ya tangi yanayopitia mrija mwembamba. Ya pili ni GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016, na ya tatu ni GTX 1650 ya Aprili 2019. Zote mbili zina gigabaiti 4. Hata udogo huo wa kumbukumbu una faida ya kihistoria: kufikia mwisho wa mwaka 2020 uchimbaji wa Ethereum ulikuwa unahitaji zaidi ya gigabaiti 4, basi kadi hizi hazikuwa na kazi huko katika wimbi lake kubwa la mwisho.

Siku ya pili, katika duka jingine, muuzaji alinionyesha GTX 1050 Ti kwa shilingi 220,000. "Ssebo, hii haijatumika hata mara moja," alisema. Ilikuwa na boksi jipya na inang'aa. Nikaanza kumhesabia mdogo wangu chenji yake kichwani. Kisha nikaigeuza kadi nikaona tundu la VGA, lile la buluu la skrini za zamani.

Katika somo la mbinu za utafiti tunafundishwa kwamba hati ikidai kuwa ya mwaka fulani, tuangalie karatasi, wino na msamiati wake. Kitu kisicholingana na zama zake huifichua. Chipu za kizazi cha GTX 1050 Ti, kilichoanza mwaka 2016, haziwezi tena kutoa mawimbi ya VGA. Tundu lile lilikuwa neno la zama nyingine ndani ya hati inayodai kuwa mpya. Nilimwomba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake, tukafungua programu ya GPU-Z. Kadi halisi ya jina hilo ina viini 768. Hii ilionyesha 192, ambavyo ni vya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, kadi ambayo mtengenezaji aliacha kuiboreshea programu tangu mwaka 2018. Mtu fulani alikuwa ameiandika upya jina katika kumbukumbu yake ya ndani na kuitia katika boksi jipya. Muuzaji alitazama skrini muda mrefu. Aliniambia alizinunua kumi katika shehena moja, na sauti yake ilinifanya niamini kwamba naye alikuwa anaujua ukweli huo kwa mara ya kwanza.

Ikabaki GTX 1650. Hapa pia jina halitoshi. Chini ya jina hilo moja ziliuzwa kadi za kumbukumbu ya aina ya GDDR5 mwaka 2019, na za GDDR6, zenye kasi zaidi, kuanzia mwaka 2020. Tena baadhi zinadai waya wa umeme wa pekee na baadhi hazidai. Nilipata isiyodai waya, ya GDDR5, kwa shilingi 360,000. Niliijaribu dukani kwa nusu saa, nikasikiliza feni, nikaangalia joto, nikalipa. Sababu yangu ya mwisho ya kuipendelea kuliko 1050 Ti halisi ilikuwa umri: mwaka 2025 kizazi cha 1050 Ti kilifikia mwisho wa kutengenezewa maboresho ya kawaida ya programu, wakati cha 1650 kinaendelea.

Sidai kwamba nilipata kadi bora. Michezo mipya kama Indiana Jones and the Great Circle wa mwaka 2024 inahitaji uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga ambao kadi yangu haina, na kumbukumbu ya gigabaiti 4 ni ndogo kwa michezo mingi ya sasa. Ninachodai ni kwamba kila hatua ya uamuzi wangu iliamuliwa na tarehe: mwaka kompyuta ilipoundwa, mwaka uchimbaji ulipokoma, mwaka tundu la VGA lilipoachwa. Nguvu tupu, ambayo ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, ingetufanya tununue kadi isiyowaka ndani ya kompyuta yetu. Bei tupu ingetufanya tununue ya mwaka 2011.

Mdogo wangu alinuna siku mbili kwa sababu ya zile gigabaiti 8. Siku ya tatu alinifunga mabao manne kwa moja, na wachezaji walikimbia kama watu walio nje ya tope. Shilingi 40,000 zilizobaki nilimrudishia yeye. Amenunulia vifaranga, anasema hao ni wa pawa saplai.