Unarekodi kwa keja? Wachana na trei za mayai, tafuta blanketi

Ingia keja ya msee yeyote anayerekodi ngoma mtaani, kuna uwezekano utapata trei za mayai zimegundishwa ukutani. Hizo ni karatasi nyepesi tu. Zinapunguza kidogo sauti za juu, lakini sauti nzito ya kifua inapita kama haijaona kitu. Na zikishika moto, ni noma.

Shida ya bedsitter mara nyingi si maiki. Kuta ni za simiti, sakafu ni tiles, dirisha ni kioo. Ukiimba, sauti inagonga ukuta na kurudi kwa maiki ikiwa imechelewa kidogo sana, ndio maana vokali inatoka ni kama uliimbia chooni. Mwangwi ukisharekodiwa, prodyusa hawezi kuutoa wote bila kuharibu sauti yako. Akiweka kompresheni, unazidi kutokea.

Piga makofi mara moja, kwa nguvu. Ukisikia kamlio ka "trrr" kakifuata, kuta zinarushiana sauti.

Sasa tafuta blanketi nzito au duvet mbili. Za mtumba pale Gikomba zinatosha kabisa. Wengi huzitundika nyuma ya maiki, na hapo ndio wanakosea. Maiki nyingi za vokali husikia mbele na kupuuza nyuma. Mbele yake ni wewe, na nyuma yako ni ukuta mtupu. Kwa hivyo tundika moja nyuma ya mgongo wako na nyingine kando, zikutane kama kona. Usizibane ukutani, acha nafasi ya kama sentimita 10, ndio zishike hata sauti za chini kidogo. Tandika kapeti, halafu imba ukiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa maiki.

Kama unamix hapo hapo, angalia mahali umeweka kiti. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina tabia mbaya: ukikaa katikati, besi ya karibu 57Hz inapotea masikioni, na hapo ndio kick nyingi hukaa. Utaiongeza ukidhani haitoshi, halafu ngoma ichezwe kwa nganya, besi imeze maneno yote. Sogeza kiti hadi kama mita 1.1 kutoka ukuta wa mbele. Godoro nene likiegemezwa kwa kona litasaidia kiasi, kwa sababu besi hujazana kwa kona.

Lakini blanketi haizuii kelele za jirani wala honi za mathree. Kuzuia hizo kunataka ukuta mzito na mlango usio na mwanya, na landlord hatakuruhusu ujenge. Zima friji, rekodi usiku mtaa ukitulia, na kama paa ni mabati na mvua imeanza, lala tu.