Jani la Wanaokesha

Januari 1855, msafiri Mwingereza Richard Burton aliingia Harar, mji uliozungushiwa ukuta mashariki mwa Ethiopia, akakaa huko siku kumi. Harar ulikuwa mji wa wanazuoni. Watu walitoka mbali kuja kusoma dini na sheria. Burton aliwakuta masheikh wameketi pamoja wakitafuna majani mabichi, kikao kikiambatana na dua. Wasomi hao walilisifu jani lao kwamba huchangamsha fikra, hufurahisha moyo, hupunguza usingizi na kumsahaulisha mtu njaa. Ndilo jani ambalo Kenya huitwa miraa na Tanzania mirungi.

Lakini hata wakati huo jani hilo lilikuwa la kale. Habari za vita vya mfalme Amda Seyon wa Ethiopia, katika karne ya 14, zinamtaja mtawala Mwislamu wa Ifat aliyejigamba kwamba atapanda mirungi katika mji wa mfalme huyo. Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, huko Yemeni, lilipata mwenzake: kahawa, ambayo masufi wa karne ya 15 waliinywa ili wasisinzie katika dhikri za usiku. Vyote viwili vilizua mabishano. Mwaka 1511 gavana wa Makka alipiga marufuku kahawa. Baadaye, katika karne hiyohiyo ya 16, wanazuoni wa Yemeni waliovutana kuhusu mirungi walimpelekea swali lao Ibn Hajar al-Haytami, aliyekuwa Makka. Hoja zao zilipingana: wengine waliona jani linasaidia ibada na masomo, wengine waliona linadhuru mwili na akili. Ibn Hajar hakuthubutu kutamka moja kwa moja kwamba ni haramu, ila aliwashauri watu wajiepushe nalo.

Huku kwetu, makao makuu ya jani hili ni milima ya Nyambene nchini Kenya, katika nchi ya Wameru. Huko kuna miti inayoitwa mbaine, ambayo baadhi yake imepita miaka 100 na ingali inachumwa. Fungu la miraa lililofungwa vizuri hupelekwa kwa wazazi wa binti wakati wa posa; bila hilo, mazungumzo hayaanzi. Serikali ya kikoloni ilijaribu kulizuia jani hilo kaskazini mwa Kenya katika miaka ya 1940. Biashara haikufa, ilijificha, kisha ikakua.

Miraa haingoji. Ikinyauka, thamani yake imekwisha, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba na magari ya kutoka Maua, mji wa Nyambene, hukimbia kwa mwendo wa kutisha kuelekea Nairobi. Wakulima walilijua hilo vizazi na vizazi. Sababu yake ilithibitishwa mwaka 1975, pale maabara ya Umoja wa Mataifa ilipoitambua kathinoni, kemikali ya jani bichi ambayo hufifia kadiri jani linavyokauka. Umbo la kathinoni linakaribiana sana na la amfetamini, dawa ambayo wanafunzi wa Marekani walianza kuimeza usiku wa kuamkia mitihani katika miaka ya 1930.

Mwanafunzi wa leo anayetafuna bwenini ni mrithi wa mbali wa wasomi wa Harar. Tafiti zilizofanywa katika vyuo vikuu vya Ethiopia zimewakuta wanafunzi wengi wakitaja sababu ileile: kukaa macho wasome. Kenya wapo wanaotafuna miraa au muguka, aina yake ya Embu, na wapo wanaotegemea kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu. Lakini mengi yamebadilika. Kikao cha pamoja, dua na wazee vimeondoka; mwanafunzi amebaki peke yake na daftari, na saa mbili asubuhi anatakiwa darasani.

Hapo ndipo mwili unapodai. Tangu mtu aamke, dutu iitwayo adenosini huongezeka kwenye ubongo na kumletea usingizi. Kafeini huziba milango inayopokea dutu hiyo, na kathinoni huuchochea ubongo kwa njia nyingine, lakini hakuna kati yao inayolipa deni la usingizi. Nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa nne usiku humnyima mtu hata usingizi mfupi aliobakiza. Kesho yake anasinzia mhadhara ukiendelea, anatafuta kichangamshi kingine, na usiku unaofuata unaharibika pia. Isitoshe, ni usingizini ambapo ubongo huimarisha yale yaliyosomwa.

Marufuku zimeendelea: Uholanzi ililifungia jani hilo milango mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, na sheria ya Tanzania inaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya. Amri hizi zinamfuata muuzaji na mtafunaji. Zinachoacha bila kugusa ni ratiba inayorundika mitihani mitatu ndani ya siku mbili, kibarua cha jioni kinacholipa karo, na bweni lenye kelele ambalo hutulia usiku wa manane tu. Vyuo vina uwezo wa kuitawanya mitihani hiyo na kumfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika wiki yake ya kwanza, jinsi usingizi unavyofanya kazi. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya.