Foleni na mlundikano

Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012, ndiko kwenye moyo wa pamba ya Tanzania, na msimu wa ununuzi ukifunguliwa neno foleni husikika Bariadi nzima. Tumelipata kwenye amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstarini, na maana hiyo ya zamu ningependa tuitunze. Malori yaliyosimama nje ya kinu cha kuchambulia pamba yapo kwenye foleni: la kwanza linajulikana, na la mwisho pia. Lakini pamba iliyojaa ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mizigo ikigusa bati na ya jana ikiwa chini ya ya leo, hiyo imelundikana. Hakuna anayejua ipi itatoka kwanza.

Foleni inapimika. Mmarekani John Little alithibitisha kanuni yake mwaka 1961: gawanya idadi ya wanaosubiri kwa kasi ya kuhudumiwa, upate wastani wa kusubiri. Tuseme malori 60 yamepanga na kinu hupokea 20 kwa siku. Dereva atakaa siku tatu. Na kinu kikikaribia kikomo cha uwezo wake, foleni hurefuka haraka kuliko mzigo unavyoongezeka.

Basi mkulima akiambiwa "kuna foleni", ana haki ya kuuliza: mzigo wangu ni wa ngapi, na kwa siku inapokewa mizigo mingapi? Asipojibiwa, huo ni mlundikano, na karani auite hivyo.