Mkono wa Kijuma

Wachina waliokuja kujenga reli ya TAZARA kuanzia mwaka 1970, wakapiga kambi Mang'ula na kutandika mataruma kupitia Ifakara hadi Mlimba, walitoka katika nchi ambako barua huweza kuthaminiwa kama mchoro. Wang Xizhi, bingwa wa mwandiko wa karne ya 4, alimwandikia mwenzake barua fupi ya kumjulia hali baada ya theluji kuanguka: herufi 28 tu. Iliyobaki leo ni nakala, lakini Kaisari Qianlong wa karne ya 18 aliipenda hata akaijaza mihuri yake. Theluji yenyewe ilikuwa imekwisha kuyeyuka zaidi ya miaka elfu moja kabla yake.

Kwetu ufundi wa namna hiyo ulikaa pwani. Barua za Kilwa za mwaka 1711, za Mfalme Fatima na bintiye Mwana Nakisa, zimo hadi leo katika nyaraka za Goa. Hizo zilitunzwa kwa ajili ya siasa za Wareno. Uzuri wa mwandiko haukuwa hoja.

Mtu aliyeandika ili mwandiko wake utazamwe pia alikuwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa karibu mwaka 1855 na kufariki 1945. Alichonga milango, alitunga tenzi, alipiga muziki, na alinakili miswada kwa malipo. Wazungu waliokusanya tenzi, Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, wote walimtegemea. Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo hazikutosha sauti zetu: kwa desturi ya zamani p na b ziliandikwa sawasawa, na msomaji akabahatisha. Kijuma aliongeza alama ili neno lisomeke, na bado mstari wake ukabaki umenyooka na kupendeza. Kwangu hapo ndipo penye ustadi, kwani mapambo bila usomekaji ni kazi rahisi. Karatasi zake nyingi sasa ziko London na Berlin.

Bonde la Kilombero, penye Ifakara, lilipata shule kwa njia nyingine. Wamisionari Wabenediktini, kisha Wakapuchini wa Uswisi, walifundisha kwa herufi za Kirumi, na serikali za kikoloni zikafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana msomaji wa Ifakara, ambaye Kiswahili ni chake tangu utotoni, akiwekewa leo barua ya Kijuma atahitaji mtu wa kumsomea.