Achari ilitangulia jemu

Msimu wa maembe ukifika Kakuyuni, magharibi ya mji wa Malindi, huja na malalamiko yaleyale: mlanguzi ananunua kwa bei anayoitaka yeye, na yasiyonunuliwa yanaozea chini ya miembe. Dawa inayotajwa kila mara ni jemu. Wakulima, hasa kina mama, waitwe kwenye mafunzo, waonyeshwe namna ya kuchemsha embe na sukari, watie iliki na mdalasini ili chupa ziwavutie wageni wa hoteli. Sina ugomvi na jemu. Ninachokipinga ni wazo lililojificha nyuma ya mafunzo hayo, kwamba kuhifadhi tunda kwa viungo ni elimu ngeni inayopelekwa kwa watu wasiokuwa nayo. Pwani hii ilijua kuhifadhi embe karne nyingi kabla ya jemu kushuka bandarini, na kulisahau hilo kunawatia wakulima hasara.

Ushahidi wa zamani zaidi ulio wazi ni wa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyepita pwani hii mwaka 1331. Akiwa Mogadishu aliandikiwa meza ya wali wa samli, na kando yake vitoweo vya kuchachusha ulimi: ndimu zilizotiwa chumvi, vichala vya pilipili katika siki, tangawizi mbichi, na maembe. Anaeleza kwamba embe likiiva huliwa kama tunda kwa utamu wake, lakini likiwa bichi huwa kali kama ndimu, na wenyeji hulitia katika siki. Hiyo ni achari, isiyohitaji ufafanuzi zaidi. Pilipili aliyoiona haiwezi kuwa hii nyekundu tuliyoizoea, kwa sababu mmea huo ni wa Amerika na ulivuka bahari baada ya safari za Columbus, Wareno wakiusambaza katika Bahari ya Hindi baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwezi Aprili 1498. Achari, basi, ina umri mkubwa kuliko pilipili inayoiwasha leo.

Mtu atasema Mogadishu si Malindi, na kwamba alipofika Mombasa msafiri huyohuyo alitaja ndizi, ndimu na tunda ambalo wengi wanalitambua kuwa zambarau, wala hakutaja embe. Pingamizi hilo lina uzito, na sidai kwamba maandishi yake yanathibitisha achari ya Malindi ya mwaka huo. Lakini bandari hizi zilikuwa na jamaa, wafanyabiashara na majahazi mamoja, na chakula hakikuheshimu mipaka tunayoichora leo. Tena kuna jambo linalopita maandishi. Msimu mkubwa wa maembe pwani huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi ya kaskazi, upepo uliowaleta mabaharia wa Gujarati na Oman na shehena zao. Viungo vilishuka wakati tunda liko mtini, na jua lilikuwa kali kiasi cha kukausha. Embe bichi linamenywa, linakatwa vipande virefu, linapakwa chumvi na kuanikwa kwenye ungo. Maji yanatoka, nyama inasinyaa na kuwa ngumu kama ngozi. Ndipo zije bizari, uwatu, haradali, kitunguu saumu na pilipili, pamoja na siki au mafuta. Hakuna hatua hapo inayotaka moto mkubwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hayo ni mapishi ya mjini, ya Waswahili na Wahindi, na Kakuyuni ni kwa Wagiriama. Ni kweli siki na viungo vilikaa mjini. Lakini matunda yalitoka shambani, na hapa historia inauma. Malindi ilipofufuliwa miaka ya 1860 chini ya Seyyid Majid wa Zanzibar, mashamba yake yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku rasmi mwaka 1907, wengi waliobaki kwenye ukanda wa pwani wakawa maskwota, wakiruhusiwa mahindi na mihogo lakini wakikatazwa kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mti ni dai. Kwa desturi za Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, mwembe unaweza kuwa na mwenyewe hata pale ardhi ikiwa ya mwingine, na wenye hati walilijua hilo vizuri. Asiye na mti hana la kuhifadhi. Naona hapo ndipo tuutafute upungufu wa kina mama wa bara katika ufundi huu, si katika akili zao.

Wako pia watakaosema achari si jemu. Kikemia zinafanya kazi ileile: chumvi na sukari zote huyafunga maji ya tunda ili vijidudu visipate pa kuzaliana, na ukali wa siki au ndimu humalizia. Kilichozitenganisha ni bei ya sukari. Uingereza kwenyewe jemu ilienea kwa wafanyakazi baada ya ushuru wa sukari kufutwa mwaka 1874. Kabla ya hapo ilikuwa zaidi chakula cha wenye nacho. Pwani yetu ilikuwa na miwa, na Pangani ilisifika kwa sukari katika karne ya 19, lakini chumvi na jua vilikuwa rahisi kila mahali.

Hesabu hiyo haijabadilika sana. Jemu inahitaji maembe yaliyoiva, sukari nyingi, kuni na chupa za kioo. Embe lililoiva ndilo pia linaloandamwa na nzi wa matunda kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, ambaye kwa ajili yake nchi ilisitisha mauzo ya maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 hadi 2021. Embe la achari huchumwa bichi, nzi akiwa bado hajalifanyia kazi kubwa, na mkulima huuza kabla soko halijafurika. Wanaoidharau achari wanaitazama ile ya vipakiti vyenye rangi nyekundu inayouzwa kwa watoto wa shule Mombasa. Lakini achari iliyotengenezwa vyema haikosekani kwenye sinia la biriani, na inauzwa kwa watu wanaoijua, mwaka mzima, si kwa mgeni wa hoteli peke yake. Mafunzo yakiletwa Kakuyuni yaanze hapo: vikaushio safi vya jua, mitungi inayofungika, na msaada wa kupata alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ambayo kuikosa ndiko kunakomzuia mama wa kijijini kufika kwenye rafu za maduka makubwa. Jemu ya iliki ifuate, kwa maembe yatakayobaki mtini na kuiva.