Diazepamu

Diazepamu ni dawa ya kutuliza wasiwasi mkali, kulegeza misuli iliyokaza na kukatisha degedege. Imo katika kundi la benzodiazepini na hutolewa kwa cheti cha daktari. Kwa mwenye wasiwasi, usalama wake umesimama juu ya mambo mawili: kuitumia kwa muda mfupi, na kutoiacha ghafla iwapo mwili umeshaizoea.

Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, ilianza mwaka 1927, wakati dawa za aina hii hazijagunduliwa. Benzodiazepini ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1960, kutokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche. Diazepamu ikafuata mwaka 1963 kwa jina la Valium. Ilipokewa kwa furaha, kwani dawa za babichureti zilizotangulia ziliua kwa urahisi zilipozidishwa. Baadaye ikadhihirika kwamba nayo hujenga mazoea, na mwaka 1984 benzodiazepini ziliwekwa chini ya udhibiti wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971.

Ndani ya ubongo, diazepamu huipa nguvu GABA, kemikali inayopunguza kasi ya mawasiliano ya neva. Nafuu huja upesi, mara nyingi ndani ya saa moja. Kutoka mwilini ndiko kunakochelewa: nusu ya dawa inaweza kuwa bado imo kwenye damu siku mbili baadaye. Dereva aliyemeza kidonge usiku Dodoma anaweza kusinzia kwenye usukani asubuhi akielekea Singida, ilhali mwenyewe anajiona mzima.

Hatari kubwa zaidi ni kuichanganya. Pombe, iwe mvinyo wa zabibu za Dodoma au pombe ya mtama, huongezea usingizi wa dawa na kudhoofisha pumzi. Dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini hufanya vivyo hivyo, na mchanganyiko huo huua. Mgonjwa amtajie daktari kila dawa anayotumia, pamoja na za kifafa na za mafua. Wazee wanaoitumia huweza kuanguka na kuvunjika mifupa. Mama mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, kwa kuwa dawa humfikia mtoto.

Shirika la Afya Duniani linashauri benzodiazepini kwa wasiwasi mkali wa dharura tu, siku 3 hadi 7. Wasiwasi wa kudumu hutibiwa kwa ushauri nasaha na dawa kama fluoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo na haipaswi kuachwa kwa sababu wiki ya kwanza haikuleta nafuu.

Aliyetumia diazepamu kwa wiki nyingi akiikatisha siku moja anaweza kukosa usingizi, kutetemeka, kutokwa jasho, hata kupata degedege. Daktari humpunguzia dozi hatua kwa hatua, kwa wiki au miezi. Kuazimana vidonge na jirani kunavuruga mpango huo, maana dozi hupangwa kwa umri, ini na historia ya mgonjwa mmoja.

Anayelala bila kuamshika au kupumua kwa shida baada ya kumeza dawa hii apelekwe hospitali mara moja, pamoja na pakiti ya kila alichomeza.