Carpet na Rug: Historia ya Maneno Mawili ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kwamba carpet ni zulia kubwa lienealo chumba kizima, na rug ni zulia dogo litandikwalo mahali pamoja tu. Maelezo hayo yafaa kwa matumizi ya sasa ya Uingereza. Lakini huko Marekani hata zulia kubwa huitwa rug, maadamu halikugongomewa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Yaonekana, basi, kwamba ukubwa si asili ya tofauti hiyo. Asili yake imo katika historia.

Neno carpet liliingia katika Kiingereza katika Enzi za Kati, kwa njia ya Kifaransa cha kale, nalo hunasibishwa na kitenzi cha Kilatini carpere, yaani kuchuma au kunyofoa. Maana yake ya awali ilikuwa kitambaa kizito, hasa kile cha kutandikwa juu ya meza au kitanda. Mazulia yaliyotoka Uturuki yalikuwa ghali mno hata yakanyagwe ovyo. Sakafu za nyumba nyingi zilitandazwa matete makavu. Katika picha ya Hans Holbein ya mwaka 1533, iitwayo The Ambassadors, zulia la namna hiyo limetandikwa mezani, na juu yake vimewekwa vyombo vya elimu ya nyota. Hali kadhalika, jambo lililosemwa kuwa “juu ya carpet” lilikuwa jambo lililoletwa mezani lijadiliwe. Maana ya kukaripiwa ilikuja baadaye.

Rug ina nasaba nyingine. Hudhaniwa kuwa ni neno la asili ya Skandinavia, nalo laonekana katika Kiingereza cha karne ya 16 kwa maana ya kitambaa kizito cha sufu chenye manyoya, na baadaye kwa maana ya blanketi. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alieleza kwamba carpet hutandikwa sakafuni au mezani, lakini rug aliijua kuwa ni sufu nzito na blanketi la vitanda duni. Ya sakafuni hakuitaja. Mwaka huo huo Thomas Whitty alianza kufuma mazulia katika mji wa Axminster, na kadiri kazi hiyo ilivyoenea Uingereza, ndivyo carpet ilivyozidi kuwa kitu cha sakafu tu.

Karne ya 19 ilipoanza, rug nayo ilikuwa imeshuka sakafuni, na mahali pake hasa palikuwa mbele ya meko ya kuotea moto, ilinde zulia kubwa na cheche. Hapo ndipo wazo la udogo lilipopata nguvu. Hata hivyo maana ya kale haikufa: Mwingereza bado huita rug lile blanketi ajifunikalo magotini safarini.

Kiswahili chadhihirisha jambo ambalo nomino hizo za Kiingereza zalificha, kwa kuwa hutofautisha kwa vitenzi. Kitambaa cha meza hutandikwa, na zulia hutandikwa. Blanketi mtu hujifunika. Carpet ilihama kutoka mezani hadi sakafuni, lakini daima ilikuwa kitu cha kutandikwa. Rug ilivuka mpaka mkubwa zaidi: kutoka kujifunika hadi kutandika.

Tofauti hiyo si ya anasa kwa mfasiri. Katika The Taming of the Shrew ya Shakespeare, mtumishi auliza kama matete yametandazwa na carpet zimetandikwa. Matete ni ya sakafu. Carpet ni za meza. Atakayeandika “mazulia” pasipo kufikiri atamfanya msomaji aone sakafu iliyotandikwa mara mbili na meza zilizo tupu. Kwa sababu hiyo, yafaa kamusi ya lugha mbili itaje si jina la kitu peke yake, bali pia kile kifunikwacho, na zama ambazo neno lilikuwa na maana hiyo.